Mlima wa Kila Asubuhi

Kila asubuhi, nikimfunga papa vifungo vya shati, yeye huupanda mlima. Ndivyo tunavyosema. Papa ndivyo ninavyomwita mzee ninayemtunza huku Uccle, ughaibuni. Aliwahi kufundisha kwetu Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili anacho, kisha akazamia lugha za kale za Waslavi. Mlima wenyewe ni neno: gora, yaani mlima. Hakuna maandishi yake ya zamani hizo. Wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye.

"Kama kumjua bibi kwa pua za wajukuu," aliniambia. Kumbe wapo wajukuu ambao kwao gora ni msitu. Nikalala na hilo, nikaota vilima vya kwetu vimejaa miti tena.

Neno hilo hubadilika mkia kufuatana na kazi yake katika sentensi: gora, gory, gorě, gorǫ, mpaka goro, la kuuita mlima wenyewe. Tangu kiharusi kimguse, papa anajipima nalo, akiitaja mikia yote kwa mpangilio. Binti yake alinionya: siku atakayokwama nimwambie, atampeleka nyumba ya wazee. Kwa hiyo mimi husikiliza roho juu.

Jumanne alianza vizuri. "Gora, gory, gorě, gorǫ..." Akaishia hapo. Vidole vyangu vikaganda kwenye kifungo.

"Geukia huko," akasema. "Midomo yako inanidokeza."

Sikujua kwamba huwa inacheza. Nikageukia dirisha. Tramu ikapita. Nikamwona akilini katika chumba kisicho chake, akivalishwa na mtu asiyejua kumngoja.

"Papa?"

"Alors, haya, sema wewe."

"Goroju."

"Ju? Ndiyo nini hiyo? Ipitishe puani, mwanangu, pua Mungu amekupa ya kutosha. Gorojǫ!" Sauti ya darasani kabisa. Akaendelea, gorě, goro, hadi kileleni, bila kupumzika.

Simu ya binti yake ikaingia wakati wa kahawa, kama kawaida.

"Leo vipi?"

"Amekwama, madame. Nikajaribu mimi, akanigombeza."

"Amekugombeza kweli?"

"Sana. Mpaka pua yangu."

"Bon. Kama bado anafundisha, basi tungoje kwanza."

Nilirudi kwenye shati. Kifungo cha mwisho kilikuwa bado, nikanyoosha mkono. Papa akakifunga mwenyewe, polepole, akinitazama midomo, kana kwamba na hicho kinadokezwa.