Palizi ya Lynnet

Javan mwana wa Bathsheba, au wuod Bathsheba kama tulivyomwita, alisomeshwa na majembe ya watu. Baba yake alipofariki, wanawake wa kijiji chetu nje ya Oyugis walifanya saga kila msimu: waliingia shambani kwa mama yake alfajiri, wakalima pamoja wakiimba, wakanywa uji, wakaenda zao bila malipo. Mahindi hayo ndiyo yaliyomfikisha chuo kikuu, na mwaka 1995 alikuwa mhadhiri wa kilimo huko huko.

Mimi, niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, nilimsifu aliponieleza mpango wake wa mtihani. Alichoshwa na vijana wanaokariri nafasi za mimea na hawajawahi kushika jembe. Sasa kila mwanafunzi angelima kipande cha mahindi kwao, kwa mikono yake mwenyewe, naye angekuja kukikagua na kumhoji papo hapo. Asiyepita hapo angerudia mwaka.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Lynnet, mjukuu wa jirani yangu Zilpah. Alipanda vizuri. Kisha malaria ikamlaza wakati wa palizi, magugu yakaanza kuyafunika mahindi. Zilpah hakumuuliza mtu. Aliwaita wenzake, wakamaliza kabla jua halijawa kali. Kwetu mgonjwa alikuwa haombi. Shamba lake lilionekana.

Javan alipofika, Lynnet alijibu yote: mbolea, nafasi, viwavi. Javan akatabasamu.

"Na palizi safi hivi?"

"Ni sisi!" Zilpah akadakia, kifua mbele. "Mtoto alikuwa anatetemeka kitandani. Tungeacha magugu yamfelishe?"

Tabasamu likaisha. "Mama Zilpah, huo ni udanganyifu."

Zilpah alidhani anatania. Akacheka. "Basi ngoja tuyarudishe magugu, wuod Bathsheba. Tuanzie shamba la mama yako?"

"Sheria niliieleza mapema. Nikimwachilia huyu, yule aliyelipa vibarua kule Awendo nitamwambia nini?"

"Vibarua? Sisi ni vibarua?"

"Mwalimu," Lynnet akasema, "nipe jembe sasa hivi. Niulize chochote cha palizi."

"Ungenitumia habari kwamba unaumwa, ningekuahirishia. Sasa siwezi."

Akamfelisha. Neno udanganyifu nimelisikia likisemwa juu ya wezi wa kura na wezi wa ng'ombe. Sikuwahi kulisikia likirushiwa wanawake wenye udongo miguuni, tena na mtu aliyekula jasho lao mpaka akavaa tai.

Lynnet alirudia mwaka. Mahindi yake yalipofika magotini, wanawake walikuja na majembe kama kawaida. Alisimama mbele yao, mikono ameitandaza.

"Dani, tafadhali," alimwambia bibi yake, "msikanyage hapa."

Walitazamana, wakageuka. Lynnet alipalilia peke yake na akapita vizuri kuliko wenzake wote. Javan aliniambia kwa furaha kwamba mpango wake umefaulu.

Msimu uliofuata Orpah, mjane wa ng'ambo ya mto, alivunjika mguu. Siku zikapita, magugu yakapanda. Nikaenda kumuuliza Zilpah mbona hajaita saga.

"Wewe umemuuliza mwenyewe kama anataka?" alinijibu, akaendelea kupepeta mtama wake.

Orpah hakuvuna kitu mwaka huo.