Lundo Lililopozwa la Mbagala

Nyie mlioko Muheza mlininunia kwa kutokuja arobaini ya mjomba. Siku hiyo nilitumwa Mbagala kukagua lundo la mboji, na safari ile imenikaa rohoni hadi leo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ikiingia na viwanda vikifungwa. Mie nilikuwa bwana afya. Mama Shani, mjane aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, aliandika mwenyewe ofisini akiomba akaguliwe. Alitengeneza mboji kwa mabaki ya chakula na taka za machinjioni, na wakulima wa mchicha walikuwa tayari kuichukua yote kabla ya masika, mradi iwe na cheti. Kama asingeuza, angekosa cha kuwalisha watoto, na kaka yake angewachukua wote wawili kuwapeleka Utete.

Saa mbili asubuhi nilikuwa machinjioni Vingunguti, Mama Shani alikokuwa akichukua taka za matumbo ya ng'ombe. Mchinjaji mmoja akacheka. "Yule mama? Anachambuaga mfupa mmoja mmoja!" Nikafurahi, nikaandika.

Kutoka hapo nikaikamata Barabara ya Kilwa kwa pikipiki ya ofisi, manyunyu yakinipiga usoni. Saa tano nikabisha hodi kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nimekusubiri tangu alfajiri."

Uwanja ulikuwa safi kuliko ofisi yetu. Maganda ya ndizi, ukoko wa mama ntilie, hakuna chupa wala mfuko wa nailoni. Kanuni yetu ilikuwa moja kubwa: mboji yenye taka za machinjioni lazima ipate moto siku kadhaa mfululizo, mayai ya minyoo yafe. Unachomeka nondo katikati, ukiichomoa ikuunguze kiganja. Nikachomeka, nikasubiri, nikachomoa. Nondo ilikuwa baridi.

"Mama, halijawahi kupata moto?"

"Weee! Lilifuka mvuke mpaka majirani wakasema nafuga jini. Nikajua linaharibika. Basi kila asubuhi nalitandaza, namwagia maji lipoe. Sijakosa hata siku moja."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Moto ule ndio tuliokuwa tukiutafuta, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilipomweleza, aliketi chini palepale. "Si uandike tu kwamba limechemka? Kwani halikuchemka?"

Nikaandika halijafaulu, aanze upya, ingawa masika yasingemsubiri. Aliniletea uji hata hivyo.

Alasiri, narudi kupitia Temeke, nikaona wakulima wengine wakimwaga taka mbichi za machinjioni kwenye matuta ya mchicha. Nikawauliza nani kawakagua.

"Atukague nani, braza? Nyie si mnakwendaga mnakoitwa?"

Nikawasha pikipiki, nikaondoka. Kabla masika hayajaisha, kaka mtu alikuja akawachukua watoto. Kanuni ilikuwa sahihi, sibishi. Ila miaka yote niliyofanya kazi ile nilizuia lundo moja tu, na lilikuwa lake.