Sukari ya Bahasha

Mjukuu wangu anasoma kemia, na mwezi uliopita alinieleza kwamba karatasi taka zinaweza kugeuzwa kuwa sukari. Wanazilowesha, wanazivuruga, halafu wanatia vimeng'enya vilivyotolewa kwenye ukungu, navyo vinaikatakata karatasi mpaka inakuwa sukari. Alieleza polepole, kwa sauti ya juu, kama watu wanavyowaeleza vikongwe. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba babu yake alishajaribu jambo hilo uani kwetu Nyasho, hapa Musoma, wakati wa vita vya pili vya dunia, na nusura nimuue.

Yeye alicheka. Mimi siku ile sikucheka.

Babu yake, yaani mume wangu, alikuwa tarishi bomani. Alipeleka barua, alifagia ofisi, na kila asubuhi alipika gundi ya unga wa muhogo. Vita vilikuwa vimeifanya karatasi kuwa adimu, kwa hiyo bahasha moja ilitumika hata mara tano, na kila safari ilibandikwa kipande kipya juu ya anwani ya zamani. Ikichoka kabisa ilitupwa kwenye gunia la karatasi taka, na gunia likijaa yeye ndiye aliyelichoma. Alikuwa mpole, mrefu, na alipenda kuuliza maswali kuliko kazi yake ilivyomruhusu. Mimi ni wa Bunda, binti wa wakulima wa pamba, na kwetu mtu anayeuliza sana huambiwa akalete kuni. Nilimpenda hivyo hivyo.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, alikuwa na mwaka na nusu alipougua surua. Surua iliondoka ikamwachia vidonda mdomoni na mbavu za kuhesabika. Ugali hakuweza kuumeza. Tukampa uji mwepesi, maana ndivyo wagonjwa walivyolishwa, lakini uji ule ulikuwa maji tu yenye rangi ya ulezi. Alimeza vijiko viwili akageuza uso. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Sukari ya kumbembelezea haikupatikana. Dukani ilitoka kwa kibali, na kibali hakikumfikia tarishi. Kila nikimbeba mgongoni nilimwona mwepesi kuliko jana, nikawa naogopa kumfungua.

Mama mkwe alitokea Butiama bila kuitwa. Mpaka leo sijui nani alimpelekea habari, na huyo naye namshukuru, popote alipo. Alikuja na kibuyu kidogo cha kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa, kile kile kinachotiwa kwenye pombe. Hakukaa hata kupumzika. Alisonga ugali mzito wa ulezi, wa kumshibisha mtu mzima, akauacha upoe mpaka kidole chake kikaweza kukaa ndani. Hapo ndipo akanyunyiza kimea na kukoroga. Mume wangu alichuchumaa pembeni akitazama. Ugali ulilegea mbele ya macho yetu, ukawa uji, ukaanza kuchuruzika kutoka kwenye mwiko. Nilipoonja, ulikuwa mtamu.

"Kimea kinatafunaga badala ya mtoto," mama mkwe alisema. "Ugali uko wote mule ndani, ila umeshatafunwa."

"Na ukikitia ungali moto?" mume wangu akauliza.

"Kinakufa. Kinakuwaga unga tu."

Mtoto alikunywa nusu kata. Nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na hapo ndipo akili ya mume wangu ilipoingia. Karani mmoja alikuwa amemsomea gazetini kwamba huko Ulaya, kwa shida za vita, watu walikuwa wakitengeneza sukari kutoka kwenye mbao. Basi akapiga hesabu zake. Karatasi ni mti. Kimea kinaleta utamu. Na yeye ana gunia zima linalosubiri kiberiti. Hakuniambia; alitaka iwe zawadi. Kesho yake asubuhi, mimi na mama mkwe tulipokwenda ziwani kufua, mtoto akiwa mgongoni, alitoroka kazini akaja nyumbani na gunia. Akachemsha bahasha, akazingoja zipoe mpaka kidole kikakaa, akifuata kila alichoona, kisha akamimina humo kibuyu chote cha kimea.

Tulirudi saa sita tukamkuta amesimama kando ya chungu, mikono imejaa wino wa zambarau mpaka kwenye viwiko. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokoa nyumba yake.

"Onja, mama," alimwambia mama yake.

Nilimtangulia. Maji yale yalikuwa matamu. Si sana, lakini matamu kweli, na kwa kitambo kile nami niliamini kwamba gunia la bomani litamlisha mwanangu mwezi mzima. Nilishachota nimpe.

Mama mkwe alinishika mkono. Akainama, akatoa fumba la bahasha chunguni, akalikamua na kulitandaza juu ya jiwe.

"Karatasi yako hii hapa," alimwambia mwanawe. "Haijapungua. Mnabandikaga na nini hizi?"

"Gundi."

"Ya nini?"

Mume wangu alitazama chini. "Ya muhogo, mama."

"Basi kimea kimekula muhogo. Karatasi hakiijui."

Mama yule hakuwahi kushika kitabu maishani mwake. Mjukuu wangu amekiri kwamba alisema sawasawa: kimeng'enya cha kimea hufungua wanga tu, na karatasi inataka chake, kama kile cha ukungu.

Utamu wetu, basi, ulikuwa wa gundi, umejaa wino, na mtoto asingeweza kupewa. Kibuyu kilikuwa kitupu. Kutengeneza kimea kingine kungechukua siku nne au tano, kuloweka mpaka kuanika, na mtoto wangu hakuwa na siku hizo. Nilipita Nyasho nzima nikibisha hodi. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku kwa sababu ya uhaba wa nafaka, kwa hiyo hakuna aliyekubali kwamba ana kimea ndani. Kilichobaki kilikuwa Butiama, mwendo wa siku nzima kwa miguu, jikoni kwa mama mkwe, darini juu ya moshi.

Niliporudi nilimwambia mume wangu neno ambalo halisemwi, tena mbele ya mama yake. Nilimwambia kwamba mwanangu akifa, asije kumzika. Alitundika kofia ya kazi msumarini, akachukua fimbo, akaondoka kwa miguu.

Mama mkwe hakunikemea, na kwa hilo namshukuru kuliko hata kwa kimea. Alikaa karibu yangu akimdondoshea mtoto maji mdomoni.

"Yuko hivyo tangu utoto," alisema. "Alikuwaga anavunja vyungu aone ndani kuna nini. Lakini miguu anayo, mwanangu. Atafika."

Siku ya pili mtoto alikataa maji. Hata kulia alikuwa ameacha. Tulisonga ugali asubuhi, tukaupasha, tukaupasha tena. Karani yule wa gazeti alipita kuuliza, nikamweleza yote, naye akaenda kumwambia bwana mkubwa kwamba tarishi ana homa. Mungu amlipe kwa uongo ule.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri mume wangu alipotokea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuingia. Aliweka kibuyu kizingitini, akarudi nyuma, akasimama uani.

Ugali ndio kwanza ulikuwa umetoka motoni. Alitembea kwenda na kurudi Butiama bila kulala, na sasa ilibidi sote tukae tungoje chungu kipoe. Mama mkwe alitia kidole, akakitoa. Akatia tena, akakitoa. Nilitamani kumsukuma nimimine kimea mwenyewe. Mara ya tatu kidole kilikaa.

Kijiko cha kwanza mtoto alikitema. Cha pili kikapita. Cha tatu kikapita. Halafu akaishika kata kwa mikono yake miwili, ile mikono ya vijiti, akaivuta kwake, nasi hatukuweza kumwondolea. Alikunywa mpaka akalala na uji kidevuni.

Nilitia uji uliobaki kwenye bakuli nikatoka nao uani. Mume wangu alikuwa bado amesimama pale pale. Alikuwa hajala tangu jana, nilijua. Alilitazama bakuli, akaficha mikono nyuma.

"Mpe mtoto," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba neno la jana lilitoka kwa hofu. Nilitaka kumshukuru kwa miguu yake, na hata kwa maswali yake, na kwa mama aliyemzaa. Badala yake nikasema neno moja tu, ambalo nyumba yetu haikuwa imelisikia tangu surua iingie.

"Mtoto ameshiba."

Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa yote akiwa amesimama.