Kiti cha Kushoto Kilicholowa

Habari za kifo chake nilizisikia redioni Jumatano asubuhi, nikikoroga uji. Mtangazaji alisoma majina ya wafiwa kwa haraka kama kawaida yao, watoto, wakwe, wajukuu, kisha akasema kwamba marehemu alikuwa karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai, na mazishi yangefanyika Ijumaa nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Bomet. Hakutaja gari. Nilizima jiko nikakaa. Wasomaji wa safu hii wanaoishi kati ya Kericho na Bomet watakuwa wamemfahamu mara moja, lakini kwa jina lile jingine ambalo watu walimbandika mwaka mmoja uliopita, Mzee wa Beseni. Jina hilo lilitoka kwangu. Naandika leo kwa sababu hiyo, na ninaandika nikiwa na huzuni na aibu, na sijui ipi kati ya hizo ni kubwa zaidi.

Nilimjua nikiwa msichana wa darasa la sita. Mama yangu alikuwa na shamba dogo la chai, nami baada ya shule nilikuwa nikimsaidia kubeba kikapu hadi kituoni. Yeye ndiye aliyekuwa karani pale. Kabla ya kupima alikuwa akimwaga majani yote mezani na kuyapekua kwa vidole, akitafuta yale magumu yaliyochumwa chini ya chipukizi. Wenzake katika vituo vingine walikuwa wakipekua juu juu tu. Huyu alipekua mpaka chini. Alasiri moja ya mvua aliyatazama majani ya mama akatikisa kichwa. "Mama, haya mengine ni ya kuezekea nyumba," alisema. "Nenda uchambue, urudi." Mama alimtukana kwa Kikipsigis, maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Alisema wanaume wanaokaa chini ya mabati hawajui umande. Watu walicheka. Kisha aliyefuata kwenye foleni akamwaga kikapu chake, naye alikuwa mke wa karani mwenyewe. Tukasubiri tuone. Alipekua vilevile, polepole, mpaka chini, akasukuma nusu ya majani upande wa pili wa meza. "Na wewe pia," alimwambia mkewe.

Mkewe alikusanya majani yake, akaja akaketi karibu na mama yangu ukutani, nje, mahali ambapo mabati hayakufika, na wanawake wale wawili wakachambua pamoja huku mvua ikiwapiga mabegani. Wote walikuwa wamejifunga ile aproni nzito ya plastiki ambayo wachumaji huvaa ili wasilowe. Karani alikuwa akiwatazama kila mara. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba jioni ile alimwahidi mkewe kuwa siku moja angemkalisha mahali ambapo mvua haimpati. Mkewe alimjibu kwamba kwanza atoe ng'ombe nje ya jiko.

Alipostaafu alianza na lori moja la kubeba majani, yakawa mawili, yakawa matatu. Watoto walisoma wakaenda zao. Ndipo akiwa na mvi kichwa kizima akatangaza kwamba ananunua gari la spoti, jipya kabisa, la viti viwili, jekundu, lenye paa la kitambaa linalojikunja lenyewe. Watoto walikuja kutoka Nairobi kumzuia. Walimwambia barabara ya kwao ina mashimo, wakamwambia anunue pikapu au lile gari kubwa la milimani. "Mama yenu amepanda pikapu na ndama maisha yake yote," aliwajibu. "Mimi nataka gari ya watu wawili. Mtu akiniambia nimbebee gunia, nimwambie weka wapi?" Mnaocheka, hata mimi nilicheka. Lakini hebu fikirieni mtu aliyetumikia foleni ya watu miaka thelathini, anataka mara moja tu kukaa na mkewe bila mtu wa tatu.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana ni kosa ambalo ni sisi tu tunaweza kulifanya. Kwetu gari jipya halifiki nyumbani kimyakimya. Siku aliyokwenda Nairobi kulichukua, lango lake lilikuwa tayari limepambwa kwa majani ya sinendet, mmea wetu wa baraka, mchungaji ameketi, wazee wamefika na kibuyu cha maziwa ya mgando, mursik, wakwe wametoka Fort Ternan alfajiri, na wali unapoa. Simu yake ililia mara kwa mara akiwa ndani ya duka la magari: "Mko wapi? Mchungaji anaenda harusi ingine." Muuzaji akamwekea karatasi ya kukiri kwamba amelikagua gari na kulipokea likiwa zima. Yule yule aliyepekua kila kikapu mpaka chini akaweka sahihi bila kuzunguka gari hata mara moja. Mchungaji aliomba, wazee wakabariki, mkewe akaingizwa kiti cha kushoto kwa nyimbo. Walipokuwa wakizunguka kijiji, mvua ya alasiri ikaanza, na tone la kwanza likamwangukia mama huyo gotini.

Walidhani ni kitu cha siku moja. Kesho yake zulia lilikuwa limelowa, na baada ya wiki taa za dashibodi zikaanza kuwaka zenyewe na kioo cha mlango kikakataa kupanda. Alilirudisha Nairobi. Wakamwambia wameliosha kwa mashine mara tatu na halikuvuja. "Kwetu mvua haioshi gari," aliwaambia. "Inakaa juu yake masaa mbili." Wakamrudishia. Likavuja. Alikwenda tena, na tena, na kila mara walimwonyesha ile karatasi yenye sahihi yake. Fundi mmoja wa Kericho aliliangalia kwa dakika chache akaona shida: fremu ya paa upande wa kushoto imepinda kidogo tangu kiwandani, mpira haukai vizuri. "Mzee, naweza kuziba na silikoni saa hii," fundi alimwambia, "lakini nikigusa hapa, waranti imeisha." Alikataa. Hakutaka kuzibiwa. Alitaka aliyemuuzia aseme kwa kinywa chake kwamba gari lina kasoro, ndipo alitengeneze au ampe jingine. Nyumbani nako hakuwa na pa kulalamikia, kwani wazee walianza kunong'ona kwamba anakitukana kitu kilichoombewa.

Ndipo akanitafuta. Tulikutana katika hoteli moja mjini Kericho, akaagiza chai na mandazi, akanionyesha kwenye simu video moja baada ya nyingine, zote za matone. "Msichana wa gazeti," aliniita hivyo ingawa nina wajukuu, "andika. Hawa watu wanaogopa gazeti." Nami nikamjibu kwa ule ujuaji wetu sisi wa kalamu. Nilimwambia wasomaji wangu wana majani yanayoozea vituoni kwa kuwa barabara hazipitiki, watoto wao wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mimi niwaambie walie kwa sababu gari la starehe linavuja? Hakukasirika. Alichovya andazi, akatafuna, akaniuliza: "Nikirudishia mama yako majani, niliuliza kwanza kama yeye ni tajiri ama ni maskini?" Nikasema hapana. "Jani ni zuri ama ni baya. Basi. Na hii gari ni mbaya, na hakuna mtu anataka kusema." Alilipa chai, tukatoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Ndani ya gari lile jekundu, kwenye kiti cha ngozi, alikuwa ameketi mkewe amejifunga aproni yake ya plastiki ya kuchumia chai, mpaka shingoni. Alinipungia mkono akicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Laiti ningeishia hapo. Juma lile niliandika juu ya watu wanaonunua vitu visivyofaa mahali wanapoishi, na katikati nikatia sentensi moja ya utani kuhusu mzee fulani wa Bomet anayeendesha beseni jekundu na kumvalisha mkewe aproni ndani yake. Sikutaja jina. Hakukuwa na haja. Kabla ya mwisho wa wiki, watu wa bodaboda walikuwa wakimwita Mzee wa Beseni, na mtu akamtumia muuzaji wa Nairobi ukurasa ule. Baadaye nilisikia kwamba alipokwenda tena, walikuwa wameubandika ukutani karakanani. Hakunipigia simu kunilaumu. Ningependa angenipigia. Niliendelea kujiambia kwamba ni utani tu, na kwamba mtu mwenye gari kama lile hawezi kuumizwa na sentensi moja.

Mwezi uliopita aliugua kifua, akalazwa wiki mbili mjini Kericho. Gari lilikuwa Nairobi kwa mara ya tano. Binti yake aliniambia kwamba kila alipoamka aliuliza kama wamepiga simu, na wamesema nini, na walipomwambia hawajapiga aligeukia ukutani. Hakuwa anauliza kama limetengenezwa. Alikuwa anauliza kama wamekubali.

Nilikwenda kwenye mazishi nikasimama nyuma ya hema la mwisho. Saa sita hivi gari likafika, linang'aa, likiendeshwa na meneja wa lile duka, kijana mtanashati wa suti nyeusi, na shada la maua juu ya kiti cha kushoto. Watoto walikuwa wamewapigia kuwaambia baba amefariki, nao wakaona heri walilete. Alipewa nafasi ya kusema. Alisema kampuni inaomboleza na familia, kwamba gari limekaguliwa tena kwa makini na wataalamu, na kwamba wamelirudisha likiwa katika hali nzuri, kama lilivyokuwa tangu mwanzo. Watu walipiga makofi kidogo, yale ya adabu. Mjane alikuwa ameketi mbele na shuka mabegani. Hakupiga makofi.

Tulimzika. Udongo ulipokuwa bado unasawazishwa, mvua ilianza, ile nzito ya saa nane ambayo haina haraka. Watu walikimbilia mahemani. Meneja alikuwa amebaki katikati ya uwanja akitafuta pa kujificha, mjane akamwendea na mwavuli. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. "Kijana wangu, umetoka mbali, usinyeshewe. Ingia kwa gari." Alimfungulia mlango wa kushoto mwenyewe, akaliondoa shada akalishika mkononi. Kijana akaingia, akashukuru. Mjane akaufunga mlango akasimama pale nje dirishani, bila kuondoka. Alikataa kiti alicholetewa. Watu wakaanza kuelewa, mahema yakanyamaza moja baada ya jingine, na mwimbishaji akaacha wimbo katikati. Tulisikia mvua tu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kijana alitazama paa, akasogea upande mmoja, akasogea upande mwingine, akafuta goti lake kwa kitambaa, kisha akakaa akitazama mbele.

Hatimaye alifungua mlango akatoka. Suruali ilikuwa imelowa kuanzia gotini.

"Inavuja, mama," alisema.

"Wapi?"

"Hapo juu. Upande huu."

Mjane akamkinga kwa mwavuli wake, akamwelekeza kwa mkono ule wenye shada kwenye kaburi. "Mimi najua. Mwambie yeye. Sema kwa nguvu, asikie."

Yule kijana angeweza kukataa, na nitamheshimu daima kwa kuwa hakukataa. Alitembea kwenye tope na viatu vyake vile, akasimama ukingoni, akasema kwa sauti iliyofika kwetu wote: "Mzee, gari inavuja. Ilikuwa inavuja tangu mwanzo. Tunaomba msamaha." Ndipo mjane akalia. Siku nzima alikuwa hajalia.

Nami nililia, nikiwa nyuma ya watu, kwa sababu nilijua kijana yule amefanya kwa dakika moja jambo ambalo mimi nilikuwa na mwaka mzima wa kulifanya. Mzee yule aliniomba niangalie kitu kimoja niseme kama ni kizuri au ni kibaya. Mimi nikamwangalia yeye, nikaona ana malori matatu, nikahesabu kwamba haki haimhusu. Karani aliyepekua majani ya mama yangu hakufanya hivyo kamwe, si kwetu, si kwa mke wake. Tukiletewa malalamiko, tumwage kikapu mezani kwanza na kukipekua mpaka chini, bila kumtazama aliyekibeba. Hilo ndilo ninalolichukua kutoka kwenye kaburi lake, nami nimelichukua kwa kuchelewa sana. Mzee wangu, nilikuona pale Kericho. Nilimwona mama na aproni yake, ndani ya gari jipya. Lilikuwa linavuja, na badala ya kusema hivyo, nilicheka.