Ameenda Sori

Fulana yenyewe ilikuwa nyeusi, imechorwa gemu ya zamani kifuani, na chini yake herufi za rangi ya dhahabu: UMEENDA SORI. Niliiona kwenye simu, binamu yangu akiwa ameivaa na kukenua meno, nikaona kinyaa mpaka chai ikanishinda.

Maneno hayo yalizaliwa nyumbani kwetu Macalder. Kaka yangu alikuwa na sikoseli, na kwa kuwa hangeweza kukimbia na wenzake, baba alimletea gemu ya TV kutoka Migori, ile ya kaseti, ambayo ikigoma unachomoa kaseti, unaipuliza, unairudisha. Watoto wa kijiji kizima wakahamia sebuleni kwetu. Shida ikawa makelele: "Umekufa! Nimekufa! Kufa wewe!" Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasema neno hilo halisemwi katika nyumba yenye mgonjwa. Atakayelisema, gemu inazimwa.

Sasa kijitu chako kikianguka shimoni useme nini? Kaka ndiye aliyepata jibu. Baba alikuwa akienda Sori, kule ziwani, kununua samaki, na jioni hakukosa kurudi. "Ameenda Sori," kaka akasema, na kweli kijitu kikatokea tena mwanzo wa leveli, kizima. Tulicheka sana. Tangu hapo hakuna aliyekufa kwetu.

Kaka alipofariki hospitalini, mama alirudi akatukuta tumekaa mbele ya TV iliyozimwa. Hakuwahi kuigusa gemu ile wala kuongea lugha yake. Alisimama mlangoni na leso begani, akasema, "Ndugu yenu ameenda Sori." Sijayatamka maneno hayo tena. Hata nikiwa na safari ya kule, nasema naenda ziwani.

Wengine waliyatamka. Yaliingia shule za bweni, yakafika vibanda vya gemu vya Migori, yakavuka hadi Homa Bay. Leo vijana wasioijua Macalder wanaambiana hivyo timu ikifungwa, pikipiki ikizima, mpenzi akihama. Hao siwalaumu, maneno hayana mwenyewe. Lakini binamu alikuwepo. Alilala kitanda kimoja na kaka, alimkanda miguu maumivu yalipopanda. Na mtu huyo ndiye aliyefungua ukumbi wa gemu za zamani Mbita, akayapaka maneno yale ukuta mzima, kisha akamwita mama aje kuufungua kwa maombi! Ana uso wa mbuzi, hajui haya.

Nilimsindikiza mama nikiwa na nia moja tu, asiyaone yale maneno. Bahati nzuri miwani aliisahau nyumbani. Aliomba, wakasema amina, akapewa soda na kiti. Nikamvuta binamu pembeni, penye harufu ya marashi na omena ya kukaanga.

"Futa ile kitu."

"Bro, hiyo ni kalcha yetu. Watu wanatoka Kisumu juu ya hiyo msemo tu."

"Hiyo ni matanga yetu. Wewe unauza matanga."

Akacheka, akanipa fulana ya saizi yangu. Ilinuka rangi mbichi. Niliishika kwa vidole viwili, kama panya aliyetoka mtegoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakujua siku moja kitachapishwa juu ya nguo yenyewe.

Hapo ndipo msichana mmoja aliyekuwa akicheza karibu na mama alipoitupa rimoti mapajani na kupiga ukelele: "Woi! Nimeenda Sori!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nilimwona mama akikaza shingo. Nikaiangusha fulana, nikapenya katikati ya viti, nikamshika mkono. "Mama, twende nyumbani." Kwa hasira nilikuwa tayari kuvunja kitu. Yeye hakuinuka. Alinyoosha ule mkono mwingine, akamgusa msichana begani.

"Nyathina, mwanangu, umesema umeenda wapi?"

Msichana akaona haya, akapunguza sauti. "Sori, mama. Ni vile tu nimemalizwa."

"Na unarudi saa ngapi?"

"Sai tu, mama. Nafinya hapa, narudi."

Mama akautoa mkono wake mkononi mwangu, akasogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa skrini.

"Finya," akasema. "Finya, nione."