Gome la Ober na Pua ya Mama

Milimani, mtaa wa mjini ninakopanga kijumba nyuma ya nyumba kubwa ya wenyewe, miti ya kupendeza macho haikosi. Jakaranda zikichanua, barabara nzima inakuwa zambarau na watu wanashusha vioo vya magari wapige picha. Mimi husimama pale chini nikavuta pumzi, na sipati kitu. Mti wa namna hiyo naufananisha na mgeni aliyevaa vizuri asiyejua kusalimia. Nimelelewa na ober, ndiyo maana nina maringo.

Ober ni mti wa kwetu. Ule wa mama uko kijijini Asembo, kati ya nyumba na zizi la ng'ombe, mkubwa kiasi kwamba watu wawili wakiukumbatia mikono yao haikutani. Kiangazi kinapoelekea ukingoni, kabla mvua ndefu haijashuka, unatoa maua meupe yenye nyuzinyuzi, ncha zake nyekundu, na harufu yake tamu inatoka nje ya boma hadi njiani. Kule kwetu hewa ya kila siku ni ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufuoni. Tukiwa watoto tulijua ober umechanua hata kabla ya kuinua macho, kwa sababu siku hiyo omena walikuwa wamepata mpinzani.

Na si maua tu. Tawi kavu likianguka ni kuni zinazokaa na moto. Viti vya sebuleni baba alivichongesha kutoka kwa ober mwingine uliolazwa na upepo, navyo vimezika wazee wengi waliovikalia. Gome lake huchemshwa kwa kikohozi na kwa upele wa watoto. Mimi sijui kama lilimponya mtu ama mtu alipona tu mwenyewe, lakini nimelinywa, na uchungu wake unatosha kumfanya mgonjwa aache kukohoa kwa woga.

Gome lina sheria zake. Unachukua kipande upande jua linapochomoza na kingine upande linapozama, kisha unasiliba kidonda cha mti kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Anayeomba hanyimwi.

Korona ilipokuja, kila aliyekohoa alikuja kwa mama. Walikuja kwa adabu, wakachukua walivyofundishwa, mashariki kidogo, magharibi kidogo, wakasiliba, wakashukuru. Mashariki palipobaki uchi, aliyefuata alichukua pembeni yake, maana hapo pia ni mashariki, ukitaka kuwa na roho nzuri. Hakuna aliyevunja sheria. Barabara zilipofunguliwa nikafika nyumbani, nikauzunguka ule mti nikitafuta gome. Upande wa kaskazini vidonda vilikuwa vimekutana. Upande wa kusini palibaki utepe wa gome wa upana wa viganja viwili, na mti mzima ulikuwa unakula kupitia hapo.

Niliwaka. "Mama, nani amechuna mti hivi?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wagonjwa, nyathina," akaniambia. Mwanangu, yaani, na akiniita hivyo kwa upole namna ile huwa amekwisha kata shauri.

Naye alikuwa ameugua. Homa ilipita, kikohozi kikapita, lakini harufu haikurudi. Kwa mtu mwingine ningesema afadhali, ashukuru Mungu. Mama yangu ni muuza omena. Anaingiza mkono ndani ya gunia, ananusa kiganja, anakuambia kama hawa walikaushwa juu ya wavu ama juu ya mchanga, na kama walinyeshewa. Akina mama wengine walikuwa wakimpitia alfajiri waende naye ufuoni, kwa ajili ya pua yake tu. Sasa alinunua gunia la omena weupe wanaong'aa, akawapanga sokoni, na wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja na karatasi zao, omena ndani wakinuka uvundo. Mbele ya watu alicheka sana. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha ober bila kuvua leso ya kichwa hadi giza likaingia.

"Ober ikitoa maua nitasikia," alisema. "Hiyo haiwezi kunipita."

Msimu ukafika, maua yakaja machache, akasimama chini yake na kunusa, akarudi ndani. Alisema ni kwa sababu yalikuwa machache. Nilichoogopa ni kwamba pua yake alikuwa ameifunga kwenye mti ule, na mti ule ulikuwa unakufa.

Msimu uliofuata ober ulichanua kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Majani hayakuonekana kwa maua. Nilishuka kwenye pikipiki mbali na nyumbani na tayari harufu ilikuwa imenifikia, nikaingia bomani nikipiga vigelegele kama mtu wa harusi. Mama hakupiga. "Mti ikizaa sana hivi, inaogopa kufa," alisema. Hakuwa amesikia harufu yoyote.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeteleka nyoyo, yaani mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja, mama mmoja alipofika akiwa amebebwa na boda boda. Alitoka mbali, simjui. Mjukuu wake alikuwa anakohoa usiku kucha, na aliambiwa hapa kuna ober.

"Hakuna gome hapa," nikamwambia kabla hajakaa. "Angalia mwenyewe. Imebaki hiyo tu."

Aliangalia. Hakubisha, aliinamisha kichwa tu, akaanza kufunga leso yake upya ili aondoke.

"Mama, keti," mama yangu akamwambia. Kisha akanigeukia. "Hanyimwangi mtu dawa."

"Akitoa hiyo, mti imekufa!"

"Nimeona."

"Basi akate tawi! Tawi halina gome?" Nilisema kwa hasira, si kwa akili. Sheria tuliyolelewa nayo inazungumzia shina, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kuhusu matawi.

Mama alitazama juu kwa muda mrefu. "Sheria inasema jua," akasema polepole. "Jua inafika hata kwa tawi."

Kwetu mwanamke hapandi mti akiwa bomani, kwa hiyo mzigo ukamwangukia mwenye boda boda, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, aliyekuwa amekuja kungoja abiria na si kuwa tumbili. Alipanda akinung'unika, nyuki wakamkaribisha, akatukatia tawi moja la mashariki na moja la magharibi na kushuka kasi kuliko alivyopanda. Mgeni alimshukuru. Yeye alitaka maji tu.

Tukakaa chini, wanawake watatu, tukachuna magome ya matawi kwa visu vya jikoni. Maua yalitujaa mapajani. Harufu ilikuwa nzito hata kichwa kikaniuma kwa utamu. Mama alichukua shada moja, akalileta puani, akalitoa. Akalirudisha tena. Nilimwona na nikajifanya naangalia kisu.

Kisha akainua kichwa. "Nyoyo yako inaungua."

Nilivuta pumzi. "Hapana, mama. Mimi sisikii kitu." Pua yangu ilikuwa imejaa ober.

"Inaungua, nakuambia!"

Nilikimbia jikoni. Maji yalikuwa yamekauka na chini kote kulikuwa kweusi tii. Nikaipua sufuria na kutoka nayo mbio uani ikifuka moshi, na katikati ya ua ndipo nilipoelewa nani alikuwa ameniambia. Nikasimama pale pale.

Mama alikuwa analia, shada bado mkononi. Mgeni alikuwa amemshika bega bila kujua analilia nini.

"Na hayo maua?" nikamuuliza.

Akanusa tena, akatikisa kichwa. "Hii bado," akasema, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Lakini lete hiyo sufuria karibu."

Nikaiweka mbele yake juu ya maua. Aliinamisha uso wake juu ya nyoyo iliyoungua, akavuta pumzi taratibu, akavuta tena, na sufuria ile sikuthubutu kuiosha hadi kesho yake.