Mtoto Aliyepewa Jina la Mbunge

Dada yangu Gwenllian alizaa mtoto mmoja tu maishani mwake, naye akampa mtoto huyo jina la mbunge. Msimcheke. Mtaani kwetu, chini ya machimbo ya mawe ya kuezekea, lilikuwa jambo la kawaida. Walikuwapo wavulana watatu wenye majina ya wahubiri, na mmoja wao alibeba jina la mhubiri ambaye baadaye alitoroka na mke wa mtu. Hakuna aliyelibadilisha.

Mbunge mwenyewe aliitwa Bwana Pennant. Wakati wa vita vya Makaburu alisimama katika ukumbi wa kanisa letu akasema wazi kwamba vita vile ni wizi, na kwamba serikali iache kuua watu na ikae nao mezani. Wenye hasira wakavunja madirisha, wakamtafuta wampasue kichwa. Akatokea mlango wa nyuma, akaingia jikoni kwa Gwenllian, ambaye mimba yake ilikuwa imefika mwezi wake. Shemeji yangu Ifor akamsukumia katika kibanda cha makaa ya mawe, kisha akasimama mlangoni na nyundo yake ya kazi, anapiga miayo.

Wale watu walipoondoka, Bwana Pennant akatoka mweusi tii. Nilicheka mpaka Gwenllian akanifinya. Akapewa viazi na maziwa ya mgando, akala bila maringo. Halafu akalitazama tumbo la dada yangu. Maneno yake niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mama, akiwa wa kiume, mlee asije akashika bunduki kumuua mwana wa mwenzio. Na ukipata shida yoyote, mlango wangu uko wazi kama ulivyokuwa wako leo."

Mtoto akazaliwa wiki hiyohiyo. Akaitwa Pennant.

Ifor aliangukiwa na jabali machimboni mtoto akiwa bado anasoma. Gwenllian akabaki na mvulana wake na maneno ya mgeni yule, akamlea nayo. Mtoto akirudi kutoka shuleni na ngumi zimechubuka, haulizwi nani kaanza. Anaambiwa tu, "Unajua umebeba jina la nani?" Naye anainamisha kichwa. Mimi nilikuwa namwambia dada yangu kwamba mvulana asiyejua kupiga ngumi atachapwa na kila mtu. Hakunisikia.

Vita vya Ujerumani vilipoanza, Bwana Pennant akarudi katika ukumbi uleule, safari hii ana koti lenye manyoya shingoni, akawahimiza vijana wetu waende Ufaransa. Nilimgeukia Gwenllian nikaona uso umemsawijika.

"Labda vita hivi ni tofauti," akasema.

"Tofauti nini? Risasi siku hizi ni za sukari?"

Tukarudi nyumbani kila mtu na lake moyoni.

Pennant alipofikisha miaka kumi na minane, akaitwa jeshini. Akaenda mbele ya baraza la kuandikisha askari akawaambia hataua mtu. Mwenyekiti, muuza nyama tuliyemjua sote, akamuuliza ni nani aliyemjaza upuuzi huo.

"Mama yangu, bwana. Na yeye aliupata kwa mbunge wetu."

Baraza zima likaangua kicheko. Kisha wakamfunga jela, kifungo na kazi ngumu, huko Uingereza, mbali na sisi. Ilipofika vuli alikuwa anakohoa damu. Novemba mizinga ikanyamaza, kengele zikapigwa, watu wakakumbatiana barabarani, na dada yangu akatandika kitanda cha mwanawe. Nilimwonea huruma. Waliokataa kupigana hawakufunguliwa. Vita vimekwisha, mtoto bado anashona magunia ya posta, na baridi ya selo inamla mapafu.

Desemba kulikuwa na uchaguzi, na kwa mara ya kwanza wanawake tulipiga kura. Bwana Pennant akaja kuomba kura zetu. Ilijulikana kuwa akishinda atakwenda Paris pamoja na wakubwa wanaotengeneza amani. Gwenllian akavaa kofia yake ya kanisani.

"Nilimficha mimi," akasema. "Atanikumbuka. Neno lake moja tu, watamfungua."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wakati wa maswali ulipofika, akasimama.

"Bwana Pennant, mimi ni mjane wa Ifor Rowlands. Mwanangu yuko jela kwa sababu hakutaka kuua. Ni mgonjwa sana. Nakuomba useme nao wamtoe kabla baridi haijammaliza."

"Kaa chini, mama wa mwoga!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Wangu yuko kaburini Ufaransa, wako anakula bure jela!" akadakia mwanamke mmoja.

Gwenllian hakukaa. Bwana Pennant alimtambua. Niliona macho yake yakiteremka kwenye viatu vyake, kisha yakapanda tena juu ya vichwa vyetu.

"Nawahurumia akina mama wote," akasema. "Lakini nakwenda kutafuta amani ya dunia nzima. Siwezi kuanza na mlango mmoja."

Walimpigia makofi mpaka vumbi likashuka darini. Nilitaka kumtupia kiatu, na najuta sikumtupia.

Januari tukaruhusiwa kumwona mtoto. Alikuwa mifupa mitupu, shati linamning'inia.

"Mama, ulimwona? Amesemaje?"

Dada yangu, ambaye hajawahi kudanganya hata muuza samaki, akamtazama usoni. "Amesema analishughulikia, mwanangu."

"Nilijua tu," akasema, akatabasamu, kikohozi kikamkatiza.

Akafa Februari. Tulimleta kwa treni, tukamzika kando ya baba yake, watu saba na mvua.

Mzee Caradog, aliyefanya kazi na Ifor, akatoa bamba la jiwe bure kwa ajili ya kaburi. Lakini Gwenllian akamwambia asichonge jina. "Jina la mtu yule silitaki juu ya mwanangu. Nitakuja kukuambia cha kuandika." Jiwe likaegemezwa ukutani miezi mitano.

Siku ya sherehe za amani, mwezi wa Julai, Bwana Pennant akapitishwa mtaani katika gari lenye bendera. Watu walijipanga pande zote wakiita, "Pennant! Pennant!" Gwenllian alikuwa anaosha sufuria. Akaitua, akatoka mlango wa nyuma bila kofia, mimi nyuma yake, mpaka kwa Mzee Caradog.

"Umeamua niandike nini, Gwen?" mzee akamuuliza.

Dada yangu akakaa juu ya rundo la mawe akalia kilio ambacho hakulia hata makaburini. Kutoka barabarani wale watu walikuwa bado wanaita.

"Andika Pennant," akasema hatimaye. "Nikimwita kwa jina jingine hatajua kama ni yeye ninayemwita."

Mzee Caradog akafuta vumbi kwenye jiwe kwa kiganja chake, akachukua patasi.